Yaya wa Tumbili

Mwanamke wa Kizungu aliyekuja kunitafuta Bondeni, Nakuru, hakuuliza kama najua kupika, wala kama najua kufua na kupiga pasi. Aliuliza kama nimezaa.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, miaka ile ambayo gari la Mzungu likisimama kwenye kichochoro chetu watu walifunga milango kwanza, kisha ndipo wakachungulia. Nakuru ilikuwa imejaa askari. Malori yalipita na watu waliokalishwa chini, mikono kichwani, wakipelekwa kuhojiwa, na wengine hatukuwaona tena. Sisi tulikuwa watu wa asili ya pwani. Babu yangu alikuja na reli, akabaki, kwa hiyo hatukusakwa kama walivyosakwa majirani zetu Wakikuyu. Lakini kutosakwa nako kulikuwa na taabu yake: kila mtu alidhani kuna jambo unalijua, au kuna jambo umelisema mahali.

Nilikuwa nikiishi kwa mama mdogo, dada ya marehemu mama yangu. Nilirudi kwake baada ya mwanangu kufa na mume wangu kuniacha, mambo mawili yaliyofuatana karibu hata watu wakawa wananipa pole moja kwa yote mawili. Mtoto alikuwa wa kiume, hakufika miezi mitatu. Homa. Sitasema zaidi ya hapo.

Memsahib alikuwa mrefu na mwembamba, amevaa suruali kama mwanamume, kichwani kafunga kitambaa. Mumewe alibaki kando ya gari, masikio yamebabuka kwa jua. Nesi wa kliniki ya akina mama ndiye aliyewaelekeza kwetu. Memsahib alisema kile Kiswahili cha mashamba ya Wazungu.

"Wewe nazaa mtoto?"

"Nimezaa, memsahib."

"Mtoto iko wapi?"

"Amekufa."

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

Akageuka kumtazama mumewe, na mumewe akatikisa kichwa kukubali, kidogo tu, kama mtu aliyeonyeshwa kitambaa dukani akakiona kinamfaa. Niliuona ule mtikiso. Mama mdogo naye aliuona.

"Kazi ya yaya," memsahib akasema. "Lea mtoto mdogo. Huko Ndabibi. Kesho mimi narudi, wewe nasema ndiyo ao hapana."

Gari lilipoondoka, mama mdogo alikaa kwenye kigoda chake akaacha mandazi yaungue, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mtu akisikia umefiwa na mtoto husema pole," alisema. "Hawa wamefurahi. Hawa wana lao."

Jirani wa mlango wa pili akaja na habari ya mumiani, kwamba wako Wazungu wanaokamata watu wakawatoa damu wakatengenezea dawa. Habari hiyo ilizunguka sana siku zile. Aliyeicheka mchana hakupita jioni karibu na gari la zimamoto, lililosemekana kuwabeba waliokamatwa. Jirani alisema Ndabibi ni mbali, ng'ambo ya Ziwa Naivasha, na mtu akipiga kelele kule atasikiwa na viboko.

Mimi nilitaka kwenda. Ndani ya chumba changu kilikuwepo kitanda nilichohama nacho, kile nilichomlaza mwanangu, na chumba hakikuwa na upande mwingine wa kutazama. Nilimwambia mama mdogo hivyo hivyo. Akayatupa mandazi yaliyoungua, kisha akasema, "Basi tutakwenda wote. Nimwone huyo mtoto kwa macho yangu."

Siku ya pili memsahib aliporudi, akamkuta mama mdogo amevaa buibui lake zuri na amejifungia chakula cha njiani. Hawakuweza kumteremsha. Tulipanda nyuma ya gari, tukapita Elementaita, tukasimamishwa na askari Gilgil, tukazunguka ziwa upande wa machweo hadi barabara ikawa vumbi tupu na vichaka vya leleshwa. Njia nzima mama mdogo alikuwa akihesabu pahali pa kupindia, aniambie nikitoroka nipite wapi.

Nyumba ilikuwa ya mawe, paa la mabati mekundu, juu kidogo kutoka ziwani, na nyuma yake milima ya Mau. Walitupeleka moja kwa moja hadi chumba cha mtoto. Kilikuwa na kitanda cha vizuizi, nepi zilizokunjwa vizuri, chupa ya maziwa yenye chuchu ndogo sana. Mtoto hakuwepo. Mama mdogo aliinua godoro. Alinusa chupa. Akafungua kabati. Memsahib alimtazama bila kumkataza.

"Mtoto yuko wapi?" mama mdogo akauliza.

Bwana, yule mumewe, akatoka, akarudi na kikapu. Ndani ya kikapu, juu ya kipande cha blanketi, alikuwa tumbili mchanga. Manyoya yake yalikuwa meusi, uso wa rangi ya waridi umekunjamana kama wa kikongwe, masikio makubwa membamba hata mwanga ulipita. Alikuwa ameshika blanketi kwa mikono na miguu yote, kana kwamba mtu atamnyang'anya.

Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Machozi yalimtoka. Alipomaliza, akanivuta kando akanong'ona, na hapo hakuwa akicheka tena.

"Mzungu kulea tumbili ni wazimu wake mwenyewe, ana shamba na ana nafasi. Lakini kwa nini alimtaka aliyefiwa? Lijue hilo kabla hujampenda huyu mnyama."

"Nani kasema nitampenda?"

Mimi nikamgeukia memsahib. "Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake nakufa," akasema. "Naingia mtego, nakufa." Alinitazama usoni aliposema hivyo, nami nikamwamini.

Mama mdogo alirudishwa Naivasha kupanda treni, na mimi nikabaki.

Bwana alinieleza kazi siku hiyo hiyo, kwa upole, akitafuta maneno. Alikuwa msomi wa tabia za wanyama, na alitaka kujua mtoto humpenda mama kwa sababu gani. Kwa sababu ya maziwa, au kwa sababu ya kubebwa? Kwa hiyo kazi ya kumlisha haikuwa yangu. Memsahib aliingia na chupa, amevaa glavu hadi viwikoni na kitambaa puani, akamlisha tumbili bila kumshika, akatoka. Mimi nilikuwa wa kumbeba tu. Nimfunge kifuani kwa kanga mchana kutwa, nimpakate, nimkune. Maziwa nisimpe hata tone. Na nisimpe jina.

"Jina kwa nini hapana?" nikauliza.

"Jina naharibu kazi," Bwana akasema.

Nilimwita mtoto. Hilo si jina.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, na ndiyo maana ikanitia wasiwasi. Chakula kizuri, kitanda changu na kioo humo humo chumbani mwa mtoto, mshahara usiopungua, na kazi ni kukaa na kiumbe kizito kama papai dogo kifuani. Siku za kwanza niliona haya. Nilijiuliza kama swala yangu inafaa na harufu ile. Nilimpelekea mama mdogo salamu amuulize mwalimu wa madrasa, na jibu likarudi kwamba nioge, nibadilishe nguo, niswali, na niache kumchekesha mwalimu.

Kisha nikazoea. Tumbili alikuwa akilala ameshika ncha ya kanga, na akiamka hutazama kwanza usoni mwangu kabla ya kutazama kitu kingine. Mlango ukibamizwa alijificha shingoni mwangu. Nilianza kumwimbia. Tulipokuwa wawili tu nilimwimbia zile nyimbo za kubembeleza nilizokuwa nimezifunga, ambazo sikudhani nitazifungua tena. Matiti yangu yaliuma kama yana maziwa, na hayakuwa na kitu.

Siku moja memsahib, akikusanya chupa, akaniambia, "Jana wewe naimba. Wimbo mzuri. Ni ya pwani?"

Nilisema ndiyo. Alipotoka nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Jana wakati nikiimba, yeye na mumewe walikuwa wamekwenda ziwani. Niliona gari likiondoka. Nyumbani alibaki mpishi peke yake.

Mpishi alikuwa mzee wa Kavirondo, upande wa magharibi, mtu mnene mtaratibu, aliyeletwa baada ya mpishi wa zamani, Mkikuyu, kuchukuliwa na lori. Tangu nifike alikuwa akinijibu kwa neno moja moja. Nikiingia jikoni hufunika alichokuwa akifanya. Mara moja nilimkuta akisoma kipande cha gazeti, akakitia motoni upesi. Nikaona basi, ndiye anayenisikiliza na kupeleka maneno. Nikamfuata jikoni.

"Mzee, nimekukosea nini hata ukapeleka nyimbo zangu kwa memsahib?"

Aliweka kisu chini polepole. "Mimi?"

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Wewe dada," akasema, "ulikuja hapa kwa gari ya Bwana, unalala nyumba kubwa, unakula sahani ya kioo. Kazi yako kubeba tumbili. Nani anapewa kazi namna hiyo wakati huu? Mimi nilijua umeletwa kunichunga mimi. Mpishi wa kwanza alichukuliwa, na hakuna mtu anajua nani alisema neno yake."

Tukatazamana. Nadhani kila mmoja alikuwa akipima kama mwenzake anaigiza. Mwishowe akapangusa mikono kwa aproni. "Kuja," akasema.

Alinipeleka katika stoo iliyopakana na chumba cha mtoto. Kulikuwa na kiti, na mbele ya kiti, usawa wa macho, kipande cha ukuta kilikuwa kimetolewa na mahali pake pamewekwa kioo. Nikatazama ndani yake nikaona kitanda changu. Niliona kanga yangu nyingine imetundikwa msumarini. Kile kioo chumbani kwangu, nilichojitazama kila asubuhi nikisuka nywele, nikibadilisha nguo kwa ajili ya swala, kwa upande wa huku kilikuwa dirisha.

"Gari inakwenda ziwa na memsahib," mpishi akasema. "Bwana anabaki hapa."

Sikuwahi kumwambia mama mdogo habari ya kioo kile. Nilikifunika kwa kanga. Asubuhi yake nikakuta kanga imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kitanda. Tangu hapo nilibadilisha nguo bafuni, na nikaacha kuimba. Nilikuwa nikimbembeleza mtoto kimya, mgongo kwenye kioo.

Huenda ukaniuliza kwa nini sikuondoka siku ile. Nilikuwa nimekwisha kupenda, ndiyo sababu. Mama mdogo alikuwa ameona mbali.

Uso wa tumbili ulianza kugeuka mweusi, na manyoya yakaanza kupata rangi ya majivu. Akaanza kuruka kutoka bega hadi bega. Lakini nikaona jambo jingine. Mara kwa mara, tukiwa tumetulia, aliinua kichwa akageuza masikio upande wa ukuta wa nyuma, akatoa sauti nyembamba ya kukoroma. Mimi sikusikia kitu. Halafu siku moja upepo ulitulia, nami nikasikia. Nyuma ya ukuta, kitu kilimjibu.

Nyuma ya nyumba nilikuwa nimekatazwa. Memsahib alisema kuna mbwa wakali. Nilikuwa nimekaa pale majuma mengi bila kusikia mbwa akibweka hata mara moja.

Nilisubiri mchana ambao wote wawili walipanda gari, safari hii nikahakikisha nimeona vichwa viwili. Nikamlaza mtoto, nikazunguka. Mpishi alikuwa akimenya viazi mlangoni. "Usiende huko, dada," akasema, lakini hakuinuka.

Kulikuwa na vizimba vya waya chini ya kivuli cha mabati. Ndani yake tumbili, kila mmoja peke yake. Wengine walinipigia kelele, wengine walizunguka palepale bila kukoma, kama watu wanaosaga. Kizimba kimoja kilikuwa kimetengwa na vingine, kimesogezwa hadi kwenye ukuta wa chumba chetu. Ndani alikuwa tumbili jike. Manyoya ya mikono yake yalikuwa yamekwisha kwa kusuguana na waya. Chuchu zake zilikuwa ndefu, za aliyenyonyesha.

Nilipokaribia alirudi nyuma akanionyesha meno. Kisha upepo ukapeperusha kanga yangu. Akanyamaza. Akaja pole pole mpaka kwenye waya, akatoa mkono, akashika ncha ya kanga, ile ile ambayo mtoto hulala ameishika, akaivuta ndani akainusa. Akainusa tena. Akaijaza mdomoni, akaitoa, akaikumbatia kifuani, akanitazama.

Hakuna mtu aliyehitaji kuniambia. Nilijaribu kuivuta kanga na hakuiachia. Nikaiacha. Nilirudi jikoni nikiwa na kanga moja.

"Ulijua," nikamwambia mpishi.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia kwa nini. Nilidhani wewe ni mtu yao."

Memsahib aliporudi nilimuuliza, nikijifanya sijui kitu. "Kuna tumbili nasikia analia nyuma ya ukuta. Ni nani yule?"

"Tumbili tu," akasema. "Ingine." Lakini safari hii alikuwa akifungua kamba za viatu, na aliendelea kuzifungua baada ya kufunguka.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Nilipomshika mtoto nilimshika kama kitu cha kuazima, kisha nikajikuta nimemkaza zaidi. Nilijiambia, mchukue umpeleke kwa mama yake. Halafu nikajiambia, kizimba kina kufuli, nilikiona, hata kile kidirisha cha kupitishia chakula kina kufuli yake. Nilikuwa na furaha ya siri kwamba kina kufuli. Nayasema haya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kisha ikaja siku ya chumba cha waya. Bwana alikuwa amekijenga uani, kipana kama sebule. Aliniita asubuhi, amechangamka, saa ya kubonyeza mkononi. Upande mmoja akaweka stuli. Upande wa pili kilikuwepo kizimba cha yule jike, na mabaki ya kanga yangu yakiwa bado ndani.

"Wewe kaa hapa," akaniambia. "Hapana ita. Hapana tabasamu. Mtoto nakuja katikati. Sisi naangalia nakwenda wapi."

Nikamtazama memsahib. Alikuwa amemshika mtoto kwa glavu zake, na macho yake yalikuwa kwenye majani.

"Ulisema amekufa," nikamwambia.

Akaingia, akamweka mtoto katikati, akatoka.

Mtoto alikaa palepale, akatetemeka. Yule jike alikuwa amejibana kwenye waya, mkono mzima nje, akitoa ile sauti ya kukoroma niliyoisikia kupitia ukutani. Mtoto aligeuza kichwa kwake. Akaenda hatua chache. Mimi nilikuwa nimekaa kama nilivyoambiwa, sikuita, sikutabasamu. Akasimama. Akageuka, akaja mbio, akaruka kwenye mapaja yangu, akapanda hadi shingoni akaficha uso.

Nikasikia saa ikibonyezwa. Bwana akasema kitu kwa Kiingereza, sauti ya mtu aliyeshinda.

Yule jike hakupiga kelele. Alirudisha mkono ndani, akakaa chini.

Ningeweza kuvumilia kama angepiga kelele. Niliinuka. Bwana akasema, "Yaya, kaa chini." Nikatembea. "Kaa chini!" Nikafika kwenye kizimba. Nilikuwa nimekusudia kumwonyesha tu, amguse kupitia waya. Lakini kile kidirisha cha chakula hakikuwa na kufuli. Kilikuwa kimefungwa kwa msumari uliopindwa. Nikauvuta.

Kumtoa mtoto shingoni kwangu kulikuwa kama kubandua ngozi. Alishika nywele, akashika kanga, akalia kwa sauti kubwa. Nilipomfikisha kwenye kidirisha mkono ulitoka ukamdaka mgongoni, na kwa muda alikuwa kati yetu, anavutwa huku ameshika kanga yangu. Nikavua kanga, nikaiachia yote. Akaingia nayo.

Alimlilia nani, sikuweza kujua, alilia tu. Mama yake alimgeuza, akamnusa kichwani, kwapani, mkiani. Alimkandamiza kifuani hata nikaogopa atamuua. Kisha kilio kikapungua, na jike akaanza kumchambua manyoya, haraka haraka, kama aliyechelewa.

Nilimgeukia Bwana nikisubiri anipige. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameinama mbele, masikio mekundu, ameibonyeza saa upya.

"Sawa," akasema taratibu. "Sawa, yaya. Hapana sogea. Sisi naangalia."

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu kubwa kuliko siku zote nilizokaa pale. Kufuli ilikuwepo nilipokwenda mara ya kwanza. Nani aliyeitoa? Je, Bwana aliisahau, au hili nalo alikuwa akilisubiri? Nilidhani nimefanya jambo langu mwenyewe, na sasa sikuwa na hakika.

Jioni, kabla jua halijazama, memsahib alinikuta barazani nimefunga mzigo wangu. Alikaa ngazini, chini yangu, jambo ambalo akina memsahib hawafanyi.

"Mlinichukua kwa sababu mwanangu amekufa," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Mwanamke kama wewe napenda upesi." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekusifu kwa macho mazuri. Kisha akauliza, "Wewe nakasirika?"

"Ulinidanganya."

"Kama mimi nasema mama iko, wewe hapana shika mtoto vizuri."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake haukunipoza. Nilimwambia nataka kwenda kwetu. Hakunizuia. Asubuhi mpishi alinisindikiza hadi barabarani kungoja lori la maziwa. Alinifungia viazi vya kuchemsha kwa gazeti.

"Nilikudhania vibaya," akasema.

"Mimi pia."

"Lakini sikukosa kabisa," akasema, akacheka kidogo. "Ulikuwa unachungwa, mimi pia nilichungwa, hata tumbili. Wachungaji ndio walikuwa wale wale."

Nilirudi Bondeni. Mama mdogo hakuniuliza kitu kwa siku kadhaa. Kisha akaniuliza vyote kwa mkupuo mmoja, nami nikamwambia, isipokuwa lile la kioo. Nikaanza kumsaidia kuuza mandazi na mayai ya kuchemsha stesheni, kwenye madirisha ya daraja la tatu. Ilikuwa kazi ya kelele, yenye watu wengi, na niliipenda kwa sababu hiyo.

Siku moja alasiri treni ya kwenda Uganda ilisimama kama kawaida yake, na abiria Wazungu wakashuka kunyoosha miguu. Memsahib alikuwa miongoni mwao. Alinitambua kabla mimi sijamtambua. Alikuwa amekonda.

"Yaya!" Akaja hadi upande wetu, akipita katikati ya watu na mizigo. Alisema wanahamia Uganda, mumewe amepata kazi huko. Alisema mahali pale Ndabibi pamefungwa.

"Na wao?" nikauliza.

"Mimi nafungua," akasema. "Vizimba yote. Mama na mtoto, wote nakwenda porini, huko Mau. Mtoto ni mzima, napanda miti." Alikuwa akitabasamu, na macho yalikuwa na machozi. "Mimi nataka wewe najua."

Nilisema ahsante. Nilitaka kusema zaidi. Lakini nyuma yake, kwenye behewa la mizigo ambalo mlango wake ulikuwa wazi, makuli walikuwa wakipakia makopo ya maziwa, na ndani niliona masanduku ya mbao yaliyofunikwa turubai. Turubai lilikuwa fupi. Ubavuni mwa masanduku kulikuwa na matundu, yametobolewa kwa mstari.

"Yale ni yenu?" nikamuuliza.

Akageuka kutazama. "Vitabu," akasema. "Vitabu ya Bwana."

Huenda yalikuwa vitabu. Masanduku ya zamani ya tumbili yanaweza kubeba vitabu, mtu hatupi mbao nzuri. Kengele ya kwanza ikalia, akanishika mkono, akakimbilia daraja la kwanza. Mimi nikaenda hadi kwenye behewa na sinia langu kichwani.

"Kaka, masanduku yale yana nini?" nikamuuliza kuli.

"Sijui, mama. Yalipandia Naivasha."

"Yananuka?"

Akacheka. "Behewa lote linanuka. Kuna ngozi mbichi huko nyuma." Akauvuta mlango.

Nilisimama nikisikiliza. Injini ilikuwa ikipumua mvuke, watu wakiitana, mtu ananigonga begani akitaka mayai mawili na chumvi. Treni ikaondoka kuelekea magharibi.

Jioni nilimweleza mama mdogo. Nilidhani atasema ni uongo, maana yeye tangu mwanzo hakuwaamini. Alikanda unga wake kwa muda.

"Machozi yalikuwa ya kweli?" akauliza.

"Yalikuwa ya kweli."

"Basi aliwafungulia."

"Au anawalilia kwa sababu hakuwafungulia."

Mama mdogo akaufunika unga kwa kitambaa, akanawa mikono, akasema tulale mapema, kesho treni ya Mombasa inapita alfajiri.